Dola 15 kwa Mwaka: Jinsi Makumbusho ya Sanaa ya Detroit Yalivyoponea Mnadani

Mwishoni mwa Mei 2013 wakazi wa Detroit waliamka na habari kwamba picha zilizo ukutani mwa makumbusho yao huenda zikahesabiwa pamoja na mali nyingine za jiji linalodaiwa. Kevyn Orr, msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na gavana wa Michigan miezi miwili kabla, hakusema anauza. Ujumbe wake ulikuwa kwamba wadai watataka kujua jiji lina nini, na yeye hawezi kuficha kitu. Tarehe 18 Julai jiji likaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi likiwa na madeni yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 18. Hakuna jiji la Marekani lililokuwa limewahi kufilisika kwa deni la kiasi hicho.

Makumbusho yenyewe, Detroit Institute of Arts, yako barabara ya Woodward katika jengo lililofunguliwa mwaka 1927. Yana vitu vipatavyo 66,000. Makumbusho makubwa ya Marekani kwa kawaida ni mali ya shirika lisilo la faida, hivyo jiji likianguka, picha haziguswi. Detroit haikuwa hivyo. Mwaka 1919, fedha za viwanda vya magari zikimiminika, jiji lilichukua umiliki wa mkusanyo, kisha likaanza kununua kwa fedha zake: mwaka 1922 picha ambayo van Gogh alijichora mwenyewe, ya kwanza ya mchoraji huyo kuingia kwenye makumbusho ya umma Marekani; mwaka 1930 ngoma ya harusi iliyochorwa na Bruegel. Ukarimu wa miaka ile ndio uliogeuka kitanzi. Kila kilichonunuliwa kwa fedha ya jiji kilikuwa, kwa macho ya mdai, mali ya mdaiwa.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kwa sababu ya kikao kimoja. Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha bajeti cha makumbusho fulani ya kwetu, siyataji. Afisa aliyekaa mbele akauliza, "Haya makumbusho yanatusaidia nini?" Tukafungua daftari la wageni, tukasoma idadi ya wanafunzi waliopita getini mwaka ule. Akaiandika, akashukuru, na fedha zikapunguzwa. Hatukuwa tumesema uongo. Tulikuwa tumejibu swali ambalo hakuuliza.

Kiswahili kina neno moja, kuthamini, kwa kazi mbili: anayekadiria bei ya kitu anakithamini, na anayekipenda akakitunza anakithamini pia. Detroit ilibidi wafanye zote mbili hadharani, na mpangilio wake ndio uliowaokoa. Wananchi walithamini kwanza, mwaka 2012. Watu wa mnada wakaja baadaye.

Kura ya Agosti 2012

Kabla ya kufilisika, makumbusho yalikuwa tayari na njaa. Jiji lilimiliki jengo na picha, lakini tangu 1998 kazi za kila siku ziliendeshwa na shirika lisilo la faida, na ruzuku ya serikali ya jimbo iliyokuwa nono miaka ya 1980 ilikuwa imekatwa mara nyingi. Kila mwaka uongozi ulizunguka kwa wafadhili kutafuta mamilioni ya kufungulia milango tu: umeme, walinzi, wafagiaji. Mkurugenzi Graham Beal aliwaambia watu bila kuzunguka kwamba hali ikiendelea hivyo, itabidi wafungue wikendi tu na sehemu kubwa ya jengo ifungwe.

Wakaamua kwenda kwa wapiga kura. Bustani ya wanyama ya Detroit ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2008 ikafaulu, kwa hiyo njia ilikuwepo. Ombi lilikuwa kodi ndogo ya majengo katika kaunti tatu, Wayne yenye jiji lenyewe, pamoja na Oakland na Macomb: senti 20 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi, kwa miaka 10. Kwa kuwa Michigan hutoza kodi kwa takriban nusu ya bei ya nyumba, mwenye nyumba ya dola 150,000 angelipa kama dola 15 kwa mwaka. Zikijumlishwa zingeleta karibu dola milioni 23 kila mwaka.

Na makumbusho hayakuomba mikono mitupu. Kaunti ikipitisha, wakazi wake wote wanaingia bure. Wanafunzi wake wanakuja bure, na basi la kuwaleta linalipiwa. Wazee wanaandaliwa ziara na shughuli zao. Kaunti ikikataa, wakazi wake wanaendelea kulipa kiingilio kama wageni. Mtu angeweza kukaa mezani kwake na kalamu akapiga hesabu: dola 15 kwa mwaka, au kiingilio cha familia nzima kila wanapokwenda.

Lakini hesabu peke yake haielezi kura ile. Watu weupe wengi walihama Detroit baada ya vita vya pili, na zaidi baada ya ghasia za 1967. Jiji lililokuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950 lilibaki na wapatao 700,000, wengi wao Wamarekani Weusi. Siasa za vitongoji zilijengwa miaka mingi juu ya kutotaka kulipia jiji. Kumwomba mkazi wa Macomb atoe kodi kwa ajili ya jengo lililo katikati ya Detroit lilikuwa jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kusema halitawezekana. Tarehe 7 Agosti 2012 kaunti zote tatu zilikubali. Wayne na Oakland zilipitisha kwa kishindo. Macomb ilipita kwa uzi.

Kilichofanyika kabla ya ombi ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mwaka 2007 makumbusho yalimaliza ukarabati mkubwa, na ndani yake wakapanga upya karibu mkusanyo wote. Zamani picha zilipangwa kwa nchi na karne, kama maktaba ya mtaalamu. Sasa vyumba vingi vikapangwa kwa mambo ambayo kila binadamu anayapitia: safari, ibada, kifo, chakula. Vibao vya maelezo vikaandikwa upya kwa lugha ya mtu ambaye hajasomea sanaa.

Kuna chumba kimoja cha vyombo vya Ulaya vya karne ya 18 chenye meza ndefu nyeupe. Unakaa kitini. Kutoka juu mwanga unaangaza kwenye meza, na mbele yako inatokea mikono ya watumishi ikipanga sahani. Chakula kinakuja, kinaondolewa, kinakuja kingine. Vyombo vya aina hiyohiyo vimo kabatini hatua chache kutoka hapo. Mtoto aliyekaa pale hahitaji kuambiwa sahani ni ya mwaka gani. Ameona mkono ukiiweka mbele yake, ameona inavyotumika, na sasa anainuka mwenyewe kwenda kuitazama kabatini. Nimesoma vibao vingi vya makumbusho maishani, vingine nimeviandika mimi, na ninakiri kwamba meza ile inafanya kazi ambayo vibao vyangu havikuifanya.

Kisha, mwaka 2010, wakatoa picha nje. Walitengeneza nakala za picha maarufu za mkusanyo, wakazitia fremu, wakazifunga kwenye kuta za mitaa na bustani za miji midogo kuzunguka Detroit. Mtu anayetembeza mbwa anakutana na mchoro wa miaka 400 kwenye njia yake ya kila siku. Hapakuwa na tiketi wala mlango. Dar es Salaam tuna kituo cha daladala kinachoitwa Makumbusho kwa sababu ya Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani. Makonda wanalitangaza jina hilo tangu alfajiri, na ninawafahamu watu walioshuka pale miaka mingi bila kuvuka geti. Detroit walikuwa na tatizo la aina hiyo, na dawa yao ilikuwa kuwafuata watu walipo kabla ya kuwaomba chochote.

Wathamini wanaingia

Mwaka haujaisha tangu kura ile, ndipo deni la jiji likabisha hodi. Orr akaiajiri nyumba ya mnada ya Christie's ikadirie kazi zilizonunuliwa kwa fedha za jiji. Zilikuwa kama 2,800, chini ya asilimia 5 ya mkusanyo. Desemba 2013 makadirio yakatoka: kati ya dola milioni 454 na milioni 867. Bruegel peke yake aliwekewa dola milioni 100 hadi 200. Na kazi 11 tu zilibeba asilimia 75 ya thamani yote hiyo.

Hiyo 11 ndiyo namba inayonikaa kichwani. Soko lilikuwa linasema kwamba katika maelfu ya vitu vya jiji, vyenye uzito ni vile vinavyoenea ndani ya gari moja. Sina ugomvi na Christie's, walifanya kazi waliyopewa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama katikati ya ukumbi wa Rivera ndani ya makumbusho hayo anajua kuna kitu ambacho hesabu hiyo haina mahali pa kukiandika. Diego Rivera, mchoraji wa Mexico, alichora humo mwaka 1932 na 1933, sehemu 27 kwenye kuta nne, viwanda vya Ford na watu wake: migongo iliyoinama, mikono ikivuta vyuma, injini ikiunganishwa kipande kwa kipande. Rangi imeingia kwenye lipu yenyewe. Michoro ilipofunguliwa palitokea waliotaka ipakwe chokaa, kwa kuiona ni ya kikomunisti na ya kukufuru. Edsel Ford, mtoto wa Henry, ndiye aliyeigharamia, na alisimama nayo. Kwa miaka 80 wafanyakazi wa viwanda wameleta wajukuu zao pale wakawaonyesha kazi waliyokuwa wakifanya.

Au nenda upande wa Afrika. Kuna nkisi nkondi ya Wakongo, sanamu ya mtu iliyojaa misumari na vipande vya chuma kuanzia kifuani hadi tumboni. Haikununuliwa kwa fedha za jiji, hivyo haikuwa kwenye orodha ya Christie's. Kila chuma kilipigiliwa mbele ya nganga, mwenzake mganga wa Kiswahili, watu walipofunga mapatano au kula kiapo. Chuma kikishaingia, neno limeshatoka na halirudi. Ukiihesabu misumari ile unahesabu ahadi za watu. Namna sanamu kama hizo zilivyoondoka Kongo ni kisa kingine kinachodai uchambuzi wake. Hapa ninasema tu kwamba waliozitengeneza walizipima kwa kilichofungwa juu yake, na makumbusho ya Detroit nayo yalikuwa karibu kupimwa kwa kipimo hichohicho.

Kwa sababu kilichosimama kati ya picha na mnada kilikuwa ahadi. Juni 2013 mwanasheria mkuu wa Michigan, Bill Schuette, alitoa maoni ya kisheria kwamba mkusanyo umeshikwa na jiji kwa niaba ya umma na hauwezi kuuzwa kulipia madeni. Msomaji wa Pwani ataelewa mara moja nikisema neno wakfu: aliyewekwa kuusimamia si mwenye mali. Wadai hawakukubali, na haikuwa hakika mahakama ya ufilisi ingeyafuata maoni hayo.

Kilichokuwa na nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni kura ya 2012. Mamlaka ya kaunti ya Oakland inayosimamia kodi ile ilipitisha azimio kwamba picha zikiuzwa ili kulipa wadai, kodi inasimama. Wakazi walikuwa wamekubali kulipia makumbusho, si kulipia deni la jiji. Basi piga hesabu upande wa muuzaji. Ukiuza Bruegel na van Gogh unahatarisha zile dola milioni 23 za kila mwaka, makumbusho yanafunga, na wafadhili waliotoa picha nyingine wanakuja mahakamani. Zile dola 15 ambazo mkazi wa Oakland alikubali kuzitoa bila kujua kitakachokuja zilikuwa zimefanya kuuza kuwe na hasara.

Mapatano

Jaji Gerald Rosen, aliyepewa kazi ya kusuluhisha, alichora wazo kwenye karatasi yake ya kuandikia: picha upande mmoja, pensheni za wafanyakazi wa jiji upande mwingine, na kati yao fedha za kutoka nje. Zaidi ya wastaafu 20,000 walikuwa wanasubiri kujua watakatwa kiasi gani. Rosen aliwaita wakuu wa taasisi za hisani Novemba 2013, na miezi iliyofuata wakaahidi dola milioni 366. Ford Foundation ilitoa 125, Kresge 100, Knight 30. Ford Foundation ilianzishwa mwaka 1936 na Edsel Ford, yuleyule aliyekataa michoro ya Rivera ipakwe chokaa. Miongo minane baadaye mali yake ikarudi kwenye ukumbi uleule. Jimbo la Michigan likaahidi dola milioni 350 kwa miaka 20, au 195 hivi zikitolewa kwa mkupuo. Makumbusho yakaahidi kukusanya milioni 100, na makampuni ya magari yakachangia sehemu yake. Kwa jumla, dola milioni 816 kwa miaka 20. Zote ziende kwenye mifuko ya pensheni, na kwa malipo hayo mkusanyo wote uhamishiwe kwa lile shirika lisilo la faida, ubaki kwa watu wa Detroit na Michigan.

Wadai wengine walipigana mpaka mwisho. Walileta wanunuzi na wakopeshaji waliotaja mabilioni. Kampuni ya bima ya hati fungani ya Syncora iliachia Septemba 2014 baada ya kupewa, pamoja na mengine, nyongeza ya mkataba wa handaki linalounganisha Detroit na Windsor, Kanada. Tarehe 7 Novemba 2014 Jaji Steven Rhodes aliidhinisha mpango. Kwenye uamuzi wake alisema kuuza sanaa ile kungekuwa kuutupa mustakabali wa jiji. Tarehe 10 Desemba jiji likatoka kwenye ufilisi.

Wastaafu nao walipiga kura mwaka huo, wakaukubali mpango. Tusipake sukari hapa. Wafanyakazi wa kawaida walikatwa pensheni kwa asilimia 4.5 na nyongeza ya kufidia kupanda kwa bei ikafutwa. Wengine walirudisha sehemu ya riba waliyokuwa wamelipwa kwenye akiba zao. Bila mapatano wangekatwa mara kadhaa zaidi ya hapo. Polisi na wazimamoto pensheni yao ya msingi haikuguswa, lakini nyongeza zao zilipunguzwa. Mtu aliyezoa taka za jiji miaka 30 ana haki ya kuuliza kwa nini taasisi tajiri zilijitokeza pale tu picha zilipotishiwa. Nimelifikiria swali hilo sana na sina jibu la kumfuta machozi. Ninachokiona ni kwamba pensheni peke yake isingewaleta watu wale mezani, na picha peke yake zisingelipata kura za wabunge wa jimbo. Vilipofungwa pamoja ndipo fedha zikatoka.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Jiji la watu Weusi walio wengi lilipoteza umiliki wa mkusanyo lililoununua kwa kodi zake, na sasa uko chini ya bodi ya shirika. Usalama umepatikana, ndiyo, lakini kwa njia ya kumwondoa mwenye mali. Makumbusho yanayosimuliwa kama ushindi wa umma yanapaswa kulitaja hili kwa sauti, ukutani, kwenye vibao vyao vizuri.

Na imani ya walipa kodi huchakaa upesi. Mwaka 2014, kabla hata ufilisi haujaisha, nyongeza za mishahara ya viongozi wa juu wa makumbusho ziliwakasirisha wanasiasa wa Oakland, na hasira ile ilikuwa halali. Huwezi kumwomba mjane wa Macomb dola 15 kisha ukawa mkarimu kwako mwenyewe kabla mwaka wa tatu haujafika. Pia kampeni ya 2012 ilieleweka na wengi kuwa ombi la mara moja: miaka 10 ya kupumua wakati makumbusho yanajenga mfuko wake wa kudumu. Fedha zilizotakiwa kuingia kwenye mfuko huo zikatafutwa kwa ajili ya mapatano, na mfuko ukachelewa.

Kwa hiyo ikabidi kurudi. Safari hii hapakuwa na tishio la mnada, wala msimamizi wa dharura, wala magazeti ya dunia. Makumbusho yalikuja na yaliyotendeka: wanafunzi waliopandishwa mabasi, wazee waliotembezwa, familia zilizoingia bila kufungua pochi. Tarehe 10 Machi 2020 wapiga kura wa Wayne, Oakland na Macomb waliongeza kodi kwa miaka 10 mingine, kaunti zote tatu. Siku chache baadaye korona ikafunga milango, na jengo likakaa tupu hadi Julai.